Kutuni Piano ya Wima Hadi Ishike Sauti: Mwongozo Kamili

Walimu wa muziki na viongozi wa kwaya wanaonieleza shida zao kutoka Kisumu, Kakamega na Nakuru husema jambo lile lile kwa maneno tofauti. Mtu amepakua programu kwenye simu, amepata spana, ameshinda Jumamosi nzima akizungusha pini, zile fimbo za chuma zinazokaza nyuzi, mpaka sindano ya programu ikasimama katikati kwa kila sauti, kisha Jumapili asubuhi, kabla wimbo wa pili haujaisha, piano imerudia kulia ovyo. Wengi huilaumu programu, wengine huilaumu piano yenyewe au unyevu wa ziwa. Unyevu una hatia yake, na tutaufikia. Lakini sauti inayopotea kwa usiku mmoja karibu kila mara imepotezwa na mkono: pini ilizungushwa, haikukalishwa.

Mwongozo huu unahusu piano ya wima, ile inayosimama ukutani makanisani na shuleni. Soma hatua zote kabla ya kugusa pini hata moja, na utenge siku mbili. Fundi mzoefu humaliza kazi hii kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili; anayeanza asijipime kwa kipimo hicho.

Vifaa unavyohitaji

Spana ya kutuni. Nunua spana halisi ya piano yenye soketi ya pembe nane, namba 2, ambayo huingia kwenye piano nyingi. Soketi ya gari kutoka kwa mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, Kisumu, haifai hata kama inaonekana kuingia, kwa sababu kichwa cha pini kina pande nne zinazochongoka kidogo kuelekea nchani, na soketi ya kawaida hukishika kwenye pembe pekee na kuzila. Pini iliyolika pembe humsumbua kila fundi atakayekuja baada yako. Piano kadhaa kuukuu zilizoundwa Uingereza zina pini zenye kichwa cha mstatili, na hizo huhitaji soketi yake maalumu. Fungua piano uangalie kabla ya kulipa pesa.

Kabari za mpira, nne au tano, za kunyamazisha nyuzi. Ongeza kibanio chembamba cha plastiki au mbao, kile ambacho ncha zake mbili hujitanua zenyewe kati ya nyuzi, kwa maana ndicho kinachopenya mahali ambapo kabari haifiki kwenye piano ya wima.

Utepe wa felti wenye urefu wa mita moja hivi, wa kunyamazisha nyuzi nyingi kwa pamoja.

Uma wa sauti wa A yenye hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, au programu ya simu iliyoundwa kwa ajili ya piano. Programu ya gitaa itakusaidia kupata A ya kwanza na si zaidi ya hapo, na sababu yake nitaieleza katika hatua ya saba.

Vitu vidogo: tochi ya kichwani, bisibisi, brashi laini, chaki, miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Vizibo si anasa. Utapiga vibonyezo kwa nguvu mara mamia huku kichwa chako kikiwa karibu kabisa na nyuzi.

Usije na WD-40 wala mafuta ya aina yoyote. Pini hushikwa na msuguano wa mbao peke yake. Mafuta yakiingia kwenye tundu la pini, ubao huo hautashika tena, na hakuna njia ya kuyatoa.

Hatua ya 1: Chagua siku na uandae chumba

Nyuma ya nyuzi kuna ubao mpana na mwembamba unaokuza mlio. Hewa ikiwa na unyevu ubao huo hufura, hulisukuma mbele daraja, yaani kipande cha mbao ambacho nyuzi hupita juu yake, nyuzi hukazika na sauti hupanda, hasa katikati ya piano. Hewa ikikauka ubao hunywea na sauti hushuka. Kwa hiyo piano iliyotuniwa Februari, Nakuru ikiwa kavu na yenye vumbi, haitabaki vile ilivyokuwa mvua za masika zitakapokolea Aprili. Subiri wiki tatu au nne baada ya majira kubadilika, ili mbao ziwe zimeshazoea hali mpya, ndipo ufanye kazi. Kisumu na Kakamega unyevu haupungui sana mwaka mzima, lakini mvua za masika na za vuli bado zinaonekana kwenye sauti, na mvua hizo ndizo pia huzitia nyuzi kutu.

Iondoe piano kwenye jua la dirishani na kwenye mkondo wa upepo wa mlangoni, na uache nafasi ya mkono mmoja kati yake na ukuta wa nje. Kama jengo ni la mabati, anza alfajiri. Jua likishapiga paa, joto la ndani hubadilika kwa haraka, na sauti ulizoziweka saa mbili asubuhi hazitapatana na zile utakazoziweka saa nane mchana. Mvua nayo ikinyesha juu ya mabati, funga kazi. Huwezi kusikia kitu. Zima feni, zima friji ya karibu, na uwaombe wenzako wahamishie mazoezi ya kwaya nje.

Hatua ya 2: Ifungue piano

Ondoa kila kilichowekwa juu yake: maua, vitabu vya nyimbo, na spika, ambayo kwa kweli haikupaswa kuwekwa hapo. Inua kifuniko cha juu. Ndani, kushoto na kulia, utaona vilimi viwili vya mbao au vya chuma vinavyoishika paneli ya mbele. Vizungushe, uishike paneli kwa mikono miwili na uitoe. Paneli ya chini, iliyo mbele ya magoti ya mpigaji, hushikwa na springi bapa chini ya meza ya vibonyezo. Isukume springi hiyo juu na paneli italegea.

Sasa unaona safu za pini juu, nyuzi zikishuka, na nyundo zikizikabili. Kule chini kabisa kila nyundo hupiga uzi mmoja mnene uliozungushiwa waya wa shaba, zinafuata zinazopiga nyuzi mbili, na sehemu yote ya katikati na ya juu kila nyundo hupiga nyuzi tatu. Ndiyo maana piano yenye vibonyezo 88 ina nyuzi zipatazo 220 au zaidi.

Ukikuta msitu wa waya wembamba umesimama mbele ya nyundo, mfano wa kizimba cha kuku, hiyo ni piano ya kizamani ambayo vizimio vyake, yaani felti zinazonyamazisha nyuzi, viko juu ya nyundo. Inatunika, lakini utepe wa felti hautaingia vizuri, na utategemea kibanio chembamba kwa kazi yote. Zidisha muda wako mara mbili.

Hatua ya 3: Chunguza kabla ya kukaza

Jumla ya mvutano wa nyuzi zote za piano ya kisasa hufika kati ya tani 16 na 20, na fremu ya chuma ndiyo inayoubeba. Mulika fremu yote kwa tochi, hasa kwenye nguzo zake na pembezoni mwa matundu ya skrubu. Ukiona ufa, acha. Usikaze hata uzi mmoja, umwite fundi.

Angalia pia nyuma na chini kama kuna vichuguu vya mchwa, viota vya panya kati ya vibonyezo, na felti zilizoliwa na nondo. Safisha vumbi kwa brashi. Kibonyezo kinachokwama hakisababishwi na sauti mbovu, na kutuni hakutakitibu. Mara nyingi kimefura kwa unyevu, na kinarekebishwa kwanza, kwa sababu huwezi kutuni sauti usiyoweza kuipiga.

Kisha pima piano imeshuka kiasi gani. Hesabu vibonyezo vyote, vyeupe na vyeusi, kuanzia kushoto. Kibonyezo cha 49 ni A inayopaswa kuwa na hezi 440, kipimo kinachotambuliwa kimataifa. Pima A hiyo na A zote nyingine kwa programu, uandike matokeo kwa senti, ambapo senti 100 ni sawa na nusu-toni moja, yaani umbali wa kibonyezo kimoja hadi kinachofuata. Namba hizo ndizo zitakazoamua:

Piano ikiwa ndani ya senti 10, nenda moja kwa moja hatua ya saba baada ya mazoezi ya hatua ya nne na ya tano.

Ikiwa imeshuka kati ya senti 10 na 50, italazimu kuikaza kwa awamu, na hatua ya sita ni yako.

Ikiwa imeshuka zaidi ya hapo na nyuzi zina kutu, au fremu yake ya chuma haifiki juu hadi kuzifunika pini, mimi ningeiacha kwenye kimo chake na kuituni ipatane yenyewe kwa yenyewe. Mpiga gitaa ataifuata piano. Waimbaji wa kwaya hawatagundua kwamba do yao imeshuka kidogo, ila watagundua upesi kama nyuzi kumi zimekatika.

Hatua ya 4: Jifunze kukalisha pini

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usipite haraka.

Pini ni fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 7 hivi, iliyozama ndani ya ubao mgumu wa tabaka nyingi. Ukiizungusha kwa spana, kichwa chake hugeuka kabla ya mguu wake. Kwa kitambo kidogo pini imejinyonga: juu imekwenda, chini bado. Uzi nao hupita juu ya kizuizi cha chuma kabla ya kuingia sehemu inayolia, na msuguano wa hapo hufanya kipande kilicho karibu na pini kikazike kuliko kipande kinacholia. Programu husikia kipande kinacholia tu. Inakuambia umefika, nawe unaondoa spana, kisha usiku pini inajinyongoa, au nyundo inapopiga kwa nguvu uzi unateleza na mivutano miwili inasawazika. Sauti imeondoka.

Fanya hivi. Chagua uzi mmoja wa katikati ya piano na unyamazishe wenzake wawili kwa kabari. Ingiza spana mpaka mwisho wa kichwa cha pini, mpini ukielekea juu na kuinama kidogo tu upande wa kulia. Mpini ukilala upande, nguvu yako huikunja pini badala ya kuizungusha. Pini hukubali, programu hufurahi, na ukiachia hurudi. Egemeza kiwiko au kiganja kwenye fremu ili nguvu itoke mkononi na si begani.

Kwanza legeza kidogo, kiasi cha kusikia sauti ikishuka kwa unywele. Jambo hili huvunja kutu inayoushika uzi kwenye kizuizi, na pia hukuhakikishia kwamba spana iko kwenye pini ya uzi unaoupiga. Watu wamekata nyuzi wakikaza pini ya jirani huku wakishangaa mbona sauti haibadiliki.

Sasa kaza kuelekea kulia, taratibu, mkono wa kushoto ukiendelea kupiga kibonyezo. Sikiliza pini kwa kiganja. Mwanzoni utahisi ulaini wa kujinyonga, halafu utahisi mguu wake ukisogea ndani ya mbao kwa mdundo mdogo, mara nyingine kwa mlio wa kukwaruza. Mdundo huo ndio mzunguko wa kweli. Pandisha sauti ipite lengo kwa senti mbili au tatu, piga kibonyezo mara tatu kwa nguvu, kisha sukuma mpini kurudi kushoto kwa wepesi, bila kuuzungusha mguu, mpaka sauti ishuke kwenye lengo. Piga tena kwa nguvu.

Dalili ya kufaulu: baada ya mapigo manne mazito sauti haijasogea, na ukiusukuma mpini kidogo kulia kisha kidogo kushoto, sauti hupanda na kushuka kwa kiasi kinacholingana, halafu hurudi pale pale. Ikishuka kwa urahisi kuliko inavyopanda, pini bado imejinyonga upande wa juu na usiku itakuhaini. Rudia pini hiyo hiyo mpaka mkono uelewe, hata kama ni asubuhi nzima.

Hatua ya 5: Jifunze kusikia mawimbi

Nyuzi mbili zinazokaribiana bila kulingana hutoa sauti inayovimba na kunywea: wau, wau, wau. Hayo ndiyo mawimbi, na idadi yake kwa sekunde ni tofauti ya hezi zao. Uzi wa hezi 440 na uzi wa hezi 442 hutoa mawimbi mawili kila sekunde. Ukizikaribisha, mawimbi hupungua kasi, hurefuka, kisha hutoweka na sauti husimama kavu.

Fanyia mazoezi kibonyezo cha 40, ambacho ndicho C ya katikati. Nyamazisha uzi wa kulia, uache wa kushoto na wa kati. Legeza wa kushoto mpaka usikie mawimbi ya haraka, halafu upandishe polepole. Ukivuka lengo mawimbi yataanza kuongezeka tena, na huko ndiko kujua kwamba umepita. Shuka, ukalishe pini. Kisha hamishia kabari upande wa kushoto, ulinganishe wa kulia na wa kati.

Sikio la mwanakwaya hujifunza jambo hili kwa wepesi kuliko anavyodhani, mradi asisikilize kimo cha sauti bali msogeo ulio ndani yake.

Hatua ya 6: Kama piano imeshuka, ikaze kwanza kwa haraka

Usijaribu kuituni vizuri piano iliyoshuka senti 30. Kila uzi unaoukaza huongeza mzigo kwenye ubao wa mlio na fremu, na nyuzi ulizokwisha kuziweka hulegea kwa sababu hiyo. Utakapofika mwisho, mwanzo utakuwa umeharibika. Huu si uzembe wa mtu, ndivyo chombo kilivyo.

Fanya mzunguko wa kwanza bila kujali usahihi. Kwa sehemu ya katikati, pandisha kila sauti ipite lengo kwa takriban robo ya kiasi ilichoshuka: iliyoshuka senti 20 iweke senti 5 juu ya lengo. Kwenye besi punguza ziada hiyo iwe ndogo sana. Zitakaposhuka zenyewe zitatua karibu na mahali panapostahili. Usitafute mawimbi hapa na usichukue zaidi ya saa moja. Kama ilikuwa imeshuka sana, gawa kazi katika mizunguko miwili, na baada ya hapo uiache piano ipumzike hadi kesho yake.

Vaa miwani wakati huu. Uzi hukatikia karibu na pini na ncha yake huruka. Ukikatika uzi wa besi, usitupe vipande: fundi huvihitaji vyote ili atengenezewe mwingine wa unene na urefu ule ule. Uzi mtupu wa juu hubadilishwa kwa waya wa piano wenye namba ile ile. Waya wa breki ya baiskeli na uzi wa gitaa havifai kabisa.

Hatua ya 7: Weka oktava ya msingi

Ingiza utepe wa felti kati ya makundi ya nyuzi, kutoka kibonyezo cha 33 hadi cha 49, ukiusukuma kwa bisibisi kiasi kwamba kila kundi libaki na uzi wa kati peke yake unaolia.

Ituni A ya 49 kwa uma au programu, kisha A ya 37 iwe oktava safi chini yake. Kuanzia hapo, kwa wale wanaojua do-re-mi, kanuni ni nyepesi ajabu: kila sauti mpya ni so ya sauti iliyotangulia, ama so ya juu yake ama so ya chini yake. Itafute mpaka mawimbi yatoweke, halafu ishushe kidogo, mpaka usikie wimbi moja la polepole kwa kila sekunde au pungufu ya hapo.

Fuata mfululizo huu wa vibonyezo: kutoka 37 weka 44, kutoka 44 weka 39, kisha 34, 41, 36, 43, 38, 33, 40, 35, na mwisho 42. Kila unapopanda, kama kutoka 37 kwenda 44, mawimbi yawe takriban matatu kwa sekunde nne hadi sita. Kila unaposhuka, kama kutoka 44 kwenda 39, yawe karibu na moja kwa sekunde.

Kwa nini kushusha? Kwa sababu so kumi na mbili zilizo safi kabisa, zikifuatana, hazirudi kwenye A uliyoanza nayo. Hupita juu yake. Ziada hiyo hugawanywa sawasawa, senti mbili kwa kila hatua, ili kwaya iweze kuimba kwenye ufunguo wowote bila piano kuikera. Anayeweka kila hatua safi hupata mwanzo mtamu na mwisho usiosikilizika.

Uthibitisho wa kwanza uko mwishoni: piga 42 pamoja na 37. Mawimbi yakiwa moja kwa sekunde, umefunga duara. Yakiwa manne au matano, makosa madogo yamejilimbikiza; rudi nyuma hatua kwa hatua badala ya kuisogeza 42 ili kuficha.

Uthibitisho wa pili ni do na mi. Piga 33 na 37: utasikia mawimbi takriban saba kwa sekunde. Sogea juu kibonyezo kimoja kimoja, 34 na 38, 35 na 39, hadi 40 na 44, ambapo yanafika kumi na kidogo. Lazima kasi iongezeke kwa ulaini bila kuruka wala kurudi nyuma. Huna haja ya kuhesabu; jozi iliyokosea itajitokeza yenyewe.

Unaweza kutumia programu kwa hatua hii, na nisingekulaumu. Lakini iwe ya piano, inayopima kwanza nyuzi za chombo chako. Nyuzi za chuma zina ukakamavu unaofanya sauti zake za ndani zipande kuliko hesabu inavyosema, na piano fupi ndizo zenye tabia hiyo zaidi. Kwa hiyo sauti za juu lazima zipandishwe kidogo na za chini zishushwe kidogo ili oktava ziridhishe sikio. Programu ya gitaa hailijui hilo, na piano iliyotuniwa nayo hulia ikiwa imebanwa pande zote mbili, hata kama pini zimekaa vizuri.

Hatua ya 8: Nakili kwa oktava

Weka 45 kutoka 33, 46 kutoka 34, na uendelee kupanda hadi mwisho, ukinyamazisha kwa kabari mahali utepe ulipoishia. Kisha rudi kwenye 32 ukaiweke kutoka 44, ushuke hadi kibonyezo cha kwanza. Kila baada ya sauti chache, jaribu oktava mbili kwa pamoja.

Kwenye oktava ya juu kabisa nyuzi ni fupi mno, na msogeo mdogo wa mpini huruka senti nyingi. Fanya kazi kwa kidole kimoja juu ya mpini. Kwenye besi sikiliza mwangwi wa juu ndani ya sauti, kwa kuwa msingi wake ni mzito na hukudanganya.

Hatua ya 9: Linganisha nyuzi za sauti moja

Toa utepe kidogo kidogo, na kwa kila kundi linganisha wa kushoto na wa kati, halafu wa kulia, kama ulivyofanya katika hatua ya tano. Hapa ndipo piano inapoanza kupendeza. Oktava iliyokosewa kwa senti mbili haitambuliwi na washirika, lakini nyuzi tatu zisizolingana husikika hadi mlangoni.

Usiamini programu kwa kazi hii. Nyuzi mbili ambazo sindano inasema ziko sawa zinaweza bado kuwa na wimbi refu la sekunde mbili, na sikio lako hulinasa.

Hatua ya 10: Jaribu, funga, urudi

Piga vibonyezo vyote kwa nguvu, kimoja kimoja, kutoka chini hadi juu. Chochote kinachosogea, pini yake haikukaa; iweke alama ya chaki kwenye fremu, uirudie. Piga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) tatu nne za nyimbo zinazoimbwa hapo mara nyingi, kisha usubiri hadi asubuhi na upige tena kabla ya mtu mwingine kuigusa. Ukikuta makundi mawili matatu tu yana mawimbi mapya, umefaulu. Ukikuta nusu ya piano imehama, rudi hatua ya nne.

Pini ambayo huzunguka bila upinzani na kurudi mara uachiapo ina tundu lililolegea. Isishindiliwe kwa vipande vya karatasi wala kugongwa kwa nyundo ya seremala. Fundi ataweka pini nene zaidi, au atalitibu tundu kwa gundi nyembamba, na kazi hiyo ni ya mtu mwenye vifaa vyake.

Piano uliyoikaza kwa zaidi ya senti 20 itashuka kidogo katika wiki chache zinazofuata, hata ukikalisha kila pini. Panga kurudi baada ya wiki tatu, na safari hiyo itakuwa fupi. Baada ya hapo, mara mbili kwa mwaka zinatosha, moja baada ya masika kutulia na nyingine Januari. Kabla ya kurudisha paneli, bandika ndani ya kifuniko karatasi yenye tarehe, senti ambazo A ya 49 ilikuwa imeshuka, na namba za vibonyezo vyenye pini dhaifu, ili atakayeifungua mara nyingine aanze na hivyo.